Aliyekubali Talaka na Misumari Mdomoni

Kuna watu waliozaliwa wanyamavu, na kuna watu walionyamazishwa na kazi. Fundi Kimya alikuwa wa kundi la pili, ingawa marehemu mama yake angekwambia hata la kwanza lilimhusu kidogo. Alikuwa fundi wa makochi. Na fundi wa makochi wa kweli, siyo hawa wa siku hizi wenye mashine za kupigia pini, huweka misumari mdomoni. Mkono wa kushoto umevuta kitambaa, wa kulia umeshika nyundo, sasa misumari ikae wapi? Anabugia konzi nzima ya misumari midogo, ulimi unaisukuma nje mmoja mmoja, nyundo yenye sumaku inaudaka pale pale mdomoni, tak, umeshazama kwenye mbao. Ukimtazama kwa mbali utasema mtu anatema mbegu.

Ubaya wake ni kwamba mwenye misumari mdomoni anabaki na neno moja tu, na neno lenyewe ni "Mm." Ukimsalimia, Mm. Ukimwuliza kochi langu limekwisha, Mm. Ungemwambia nyumba inaungua angesema Mm na nyundo ingeendelea. Wateja hawakujali hata kidogo. Walimpenda, maana fundi asiyebishana na mteja haonekani kila siku. Ndipo wakambatiza Fundi Kimya, na jina likamganda mpaka watoto wake, ambao siku hizi wana nyumba zao mbali, wanalitumia wakimpigia simu mama yao: "Fundi Kimya hajambo?"

Sasa, Mungu naye ana utani wake. Mtu huyu alimwoa mwanamke wa dirisha la maulizo. Yule mama alikuwa anafanya kazi hospitali kubwa, nyuma ya kioo chenye tundu, na kazi yake kutwa nzima ilikuwa kujibu. Choo kiko wapi? Pita maabara, mlango wa kijani, lakini mlango haufungi vizuri, nenda na mwenzako akushikie. Daktari wa macho yupo? Yupo, ila leo kaamka vibaya, mngoje anywe chai kwanza. Mgonjwa wangu wamempeleka wapi? Wodi ya juu, kitanda cha dirishani, na nimesikia amekula. Hakuwahi kumwambia mtu "sijui" akabaki amekaa. Alikuwa anainuka kwenda kuuliza. Wauguzi walimwita Mama Maulizo, na jina hilo likamfuata hadi mtaani.

Jioni anarudi nyumbani amechoka kujibu, sasa na yeye anatamani kuuliza. Hapo ndipo balaa lilipokuwa.

"Mboga leo haikuzidi chumvi?" Mm. "Nimebadilisha mtindo wa nywele, umeona?" Mm. Siku moja aliuliza, tupake nyumba rangi ya zambarau? Mm. Akaleta wapaka rangi, wakaipaka sebule, wakaupaka ukumbi, wakafika mpaka mlango wa choo. Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja Fundi akasimama katikati ya sebule na kikombe chake cha chai, akazitazama kuta kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa bahati mbaya, akauliza nani kapaka. Siku nyingine mkewe akasema, mama yangu anaumwa miguu, aje akae kwetu? Mm. Akae mpaka apone kabisa? Mm. Mama mkwe akaja na mabegi yake, akachagua kiti kizuri kuliko vyote pale sebuleni, akakaa. Na kwa kuwa miguu ya wazee haiponi kabisa, yupo mpaka leo.

Wala msimchukulie Fundi kuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumwinulia mkewe mkono wala sauti. Hakulala nje hata siku moja. Na hilo ndilo lililomchosha Mama Maulizo zaidi, kwamba hakuwa na kosa la kumshtakia. Alipojaribu kuwalalamikia dada zake walimcheka machoni. "Mume hagombi, hanuni, hakatai kitu, wewe unataka nini tena, malaika?" Alichotaka ni kujibiwa. Jambo dogo namna hiyo, na lilikuwa linamla polepole kama mchwa kwenye mguu wa meza.

Basi ikafika Jumamosi moja, mchana. Karakana ya Fundi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ile ile, mlango unatazama barabarani, humo ndani harufu ya gundi na vipande vya sponji kila mahali. Kochi la mwalimu mkuu lilikuwa limelazwa chali, miguu juu, na Fundi alikuwa amefika kwenye pembe ya mkono wa kochi. Pembe ndiyo mtihani wa fundi. Ukikunja vibaya, kila mgeni atakayekaa pale ataitazama.

Mama Maulizo akaingia, akaketi juu ya bunda la sponji, akaweka mikono magotini.

"Baba watoto," alianza, "nimefikiri sana kabla ya kuja hapa. Sina ugomvi na wewe. Hujanikosea kitu ambacho naweza kukishika nikakionyesha watu. Lakini humu ndani naishi peke yangu, na wewe upo. Nimechoka. Naomba tuachane. Siku hizi kuna utaratibu wa makubaliano, hakuna kushtakiana wala kutukanana. Wawili wakiridhika wanakwenda ofisini pamoja, kila mmoja anaulizwa, anajibu kwa mdomo wake, basi. Nimepata nafasi Alhamisi asubuhi. Unakubali?"

Tak. Tak. Pembe ilikuwa inaelekea kukaa. Katika maneno yote yale masikio ya Fundi yaliokota mawili, "ofisini" na "Alhamisi," akadhani ni yale mambo ya bili ya maji.

"Mm," akasema.

Mkewe akabaki anamtazama mdomo. Alikuwa amejiambia moyoni: akidondosha msumari mmoja tu, nitayafuta yote niliyosema. Haukudondoka hata mmoja. Akainuka, akajipangusa vumbi la sponji kwenye gauni, akafika mlangoni, akageuka.

"Na nikiondoka, utaumia?"

"Mm," akasema Fundi, na pembe ikakaa sawasawa.

Hakujua lolote mpaka jioni alipokwenda kula. Mezani hakumkuta mkewe. Aliambiwa kichwa kinamgonga, amelala. Alimkuta mama mkwe katika kiti chake, sahani mapajani, anamsubiri kama karani anayetaka kufunga ofisi.

"Baba," mama mkwe akasema, "mwanangu ameniambia. Mimi sina la kusema, nyinyi ni watu wazima. Nataka kujua kitu kimoja tu nijipange. Mkishaachana, mimi nakwenda naye au nabaki na hiki kiti?"

Fundi alikuwa ameshatia tonge mdomoni. Akalimeza zima zima. "Akina nani waachane?"

"Wewe na mkeo. Si umekubali? Anasema umekubali bila hata kuacha kugonga." Akatikisa kichwa. "Mimi nimemwambia, mwanangu unachezea bahati. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anajibu kila kitu. Nikisema moja ananirudishia kumi. Nilikuwa naomba usiku na mchana nipate siku moja tu ya Mm. Mwenzangu kapewa ndoa nzima ya Mm, anataka kuirudisha dukani."

Fundi hakuyasikia ya baba mkwe.  Alirudi karakana, akakaa juu ya lile bunda la sponji alilokalia mkewe, akajaribu kuukumbuka mchana ule kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Hakupata kitu. Pembe aliikumbuka, kila kunjo lake. Mkewe alimkumbuka anaondoka, kwa sababu alikuwa amemzibia mwanga mlangoni.

Na sasa tazama alivyobanwa. Akikaa kimya, Alhamisi ameachika. Akisema "mke wangu, sikukusikia," amemkabidhi mkewe ushahidi wote, kwa sababu si hilo hilo ndilo linalomwondoa? Ni sawa na mtu aliyeshtakiwa kwa usingizi kazini, akajitetea kwamba siku ile alikuwa amelala. Na kumpoteza yule mwanamke alikuwa hataki. Hilo alilijua papo hapo, tumboni, kama unavyojua umekanyaga kitu kabla hujatazama. Bila sauti yake ile nyumba ingekuwa ghala la viti.

Akaamua kumjibu kwa njia aliyoiweza, mikono. Jumapili alifunga koki ya jikoni iliyokuwa inadondosha tangu watoto wakiwa shule. Jumatatu alirekebisha mlango wa nje uliokuwa unasaga sakafuni. Aliutoa, akaupiga randa, akautia mafuta bawabani, ukawa unafunguka kwa kidole. Mkewe alirudi kutoka hospitali, akausukuma, mlango ukaenda wenyewe bila kelele.

"Asante," akasema. "Umeutengeneza nitoke vizuri."

Fundi akafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, tena mengi, yamejipanga foleni kooni yanasukumana, na kwa kuwa hakuna aliyeyazoesha kutoka, hakuna lililokubali kutangulia. Mkewe alingoja. Alingoja vizuri tu, kwa adabu ya dirishani. Kisha akapita ndani kuvua viatu.

Jumanne Fundi akaenda kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa jirani yake, duka kwa duka, na alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili na akiba. Alimfunga kitambaa shingoni, akampaka povu, akamsikiliza kwa dakika chache alizoweza kuvumilia.

"Rafiki yangu, mficha uchi hazai. Mwambie hukusikia."

"Nikimwambia sikusikia si ndiyo nimejimaliza?"

"Basi mwambie ulisikia, ukabadili mawazo."

"Huo uongo."

"Basi mwambie unampenda."

Fundi akajitazama kwenye kioo, nusu ya uso povu tupu. "Kwa mdomo?"

"Ulitaka umwambie kwa nini, kwa goti?" Kinyozi akaegesha wembe pembeni. "Haya, fanya mazoezi. Mimi ndiye mkeo. Sema: mke wangu, sikubali."

Wateja waliokuwa kwenye benchi wakashusha magazeti. Fundi akakohoa. Mara ya kwanza ilitoka "mke." Mara ya pili ilitoka yote lakini kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Mara ya tatu aliipatia, "Mke wangu, sikubali," na mzee mmoja pale kwenye benchi akasema kweli kabisa, usikubali, na wengine wakampigia makofi. Fundi alitoka pale kidevu kinang'aa, amepiga moyo konde, anarudia maneno yake njia nzima. Akausukuma ule mlango wake laini. Mkewe alikuwa ukumbini anakunja nguo.

"Unataka kusema kitu?" akamwuliza.

"Mm," Fundi akasema. Na mdomoni hakukuwa na msumari hata mmoja. Ulikuwa mtupu kabisa. Ni mazoea tu. Akaenda zake karakana akajiita mjinga, kwa sauti, na hilo neno lilitoka bila shida.

Alhamisi ikafika, haikumsubiri mtu. Mama Maulizo aliomba ruhusa kazini. Alimpigia mumewe pasi shati jeupe, maana hakuweza kuvumilia mtu atoke nyumbani kwake na kola imekunjamana, hata kama anakwenda kuachwa. Mama mkwe aliwaaga bila kuinuka. "Mkirudi mje na majibu yangu ya kiti," akasema. Wakatembea bega kwa bega mpaka ofisini, na njia nzima aliyezungumza ni viatu.

Kwenye benchi la kusubiri, Fundi alikuwa roho juu. Mtu mwingine angewasha sigara. Yeye mkono wake, ambao hakuna aliyeuuliza, ukaingia mfuko wa shati, ukatoka na misumari, ukaipeleka inakoishi. Papo hapo mabega yakashuka, akapumua. Mlango ukafunguliwa, wakaitwa.

Afisa alikuwa kijana mwenye miwani, mpole, mwenye haraka. Kiti alichokalia kilikuwa taabu tupu, springi imevunjika upande wa kulia, sponji imekufa, kila akiinama mbele kinalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Jicho la Fundi lilikwenda pale na likakataa kutoka.

"Karibuni," afisa akasema. "Hii ni talaka ya makubaliano, kwa hiyo haina mambo mengi. Kila mmoja nitamwuliza, na atajibu kwa maneno, nisikie. Siyo kutikisa kichwa. Mama, umeomba talaka hii kwa hiari yako?"

"Ndiyo," Mama Maulizo akasema, kwa sauti yake ya kazini, safi, isiyotetemeka. Vidole vyake vilikuwa vimeushika mkoba kama unataka kukimbia.

"Na wewe mzee. Unakubali?"

Kiti kikalia. Fundi alilitafuta neno lake, lile la kwa kinyozi, akalipata, akalisukuma, likagonga misumari.

"Mm."

Afisa akainua macho. "Mm ni nini?"

"Andika ndiyo," Mama Maulizo akasema, na sasa ile sauti ya kazini ikaanza kupasuka ukingoni. "Mimi ndiye mkalimani wake, kijana. Hiyo ni ndiyo. Hana nyingine."

Afisa akashusha kalamu kwenye karatasi. Fundi akaiona inashuka, na macho yakamtoka. Akatikisa kichwa. Akatikisa mikono. Akatoa mlio ambao haukuwa Mm wala haukuwa kitu kingine, akaonyesha mdomo wake kwa kidole.

"Mzee, nimesema siyo kutikisa kichwa," afisa akamwambia kwa upole.

Mama Maulizo akageuka kumtazama. Akaliona shavu. "Umeweka misumari," akasema.

"Mm."

"Umekuja kwenye talaka yetu, ukaweka misumari."

Hapo Fundi hata Mm ilimshinda. Mkewe akamkingia kiganja chini ya kidevu, kama alivyokuwa anawakingia watoto wao walipookota vitu sakafuni na kuvitia mdomoni. "Tema," akasema. Naye akatema, mmoja mmoja kama ilivyo ada, na chumba kizima kikakaa kikisubiri misumari iishe. Afisa aliweka kalamu chini. Nadhani hakufundishwa hilo chuoni.

"Hapana," Fundi akasema.

"Hapana nini?" mkewe akauliza.

"Sikubali."

"Jumamosi ulikubali."

"Jumamosi sikusikia."

Likatoka. Lile aliloliogopa kuliko yote ndilo lililotangulia, na baada ya hapo hakukuwa na la kuogopa, kwa hiyo mengine yakafuata kwa fujo. "Sikusikia. Nilikuwa na pembe. Nilidhani ni bili ya maji. Mama yako ndiye aliyeniambia, na chakula kilinikwama, na tangu siku ile nataka kusema siwezi. Nilikwenda mpaka kwa kinyozi kujifunza. Muulize."

"Hukusikia," Mama Maulizo akarudia polepole. Uso ulikuwa umemwiva. "Nimekaa mbele yako nimekupa moyo wangu wote, hukusikia. Kwa hiyo mengine yote je? Miaka yote ile?"

"Mengine nilisikia. Mengine hapana."

"Zambarau?"

"Zambarau siipendi," Fundi akasema, na akashangaa mwenyewe ilivyotoka na nguvu. "Inaniumiza macho. Nakunywa chai nikiwa nimeipa ukuta mgongo."

"Mwanamume wewe, nimetumia wiki kuchagua ile rangi!"

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza!"

Walikuwa wamesimama wote wawili. Sauti zao zilikuwa zimefika kwenye benchi la nje, ambako wawili wengine waliokuwa wakingoja zamu yao waliacha kununiana ili wasikilize. Mama Maulizo alitaka kujua chumvi, na Fundi akamwambia ndiyo, ilikuwa inazidi, hasa Jumatano. Alitaka kujua nywele, na Fundi akasema zile za kusukwa nyuma zilikuwa nzuri, hizi za sasa hazimkai vizuri. Alitaka kujua kuhusu mama. "Mama abaki," Fundi akasema. "Kile kiti kimeshachukua umbo lake, nitakiuza kwa nani?" Mkewe akaziba mdomo kwa ule mkono usiokuwa na misumari. Alikuwa na hasira kweli, msidhani alikuwa anaigiza. Alikuwa na hasira ya kutosha kumrushia mkoba. Lakini kila alilouliza lilikuwa linarudi na jibu, na hakuwa tayari kuacha.

Afisa alikohoa mara mbili kabla ya kusikika. "Samahani, wazee wangu. Hii ni ofisi ya makubaliano. Hapa wanakuja watu waliokubaliana. Nyinyi hamkubaliani kwa lolote." Akafunika jalada. "Nendeni nyumbani. Siku mtakayokubaliana, rudini."

"Tangu tuoane hatujawahi kubishana," Mama Maulizo akamwambia, kwa mshangao, kama anampa habari ya mgonjwa aliyefungua macho.

"Naona mna malimbikizo," afisa akasema. Akasita kidogo. "Mzee, kumbe wewe ni fundi wa viti? Hiki changu, kama una dakika..."

Jicho la Fundi likarudi kwenye ile springi. Mkono ukaelekea mfukoni. Mama Maulizo akafumba ngumi yake.

"Leo hapana," akamjibu afisa. "Misumari ninayo mimi, na bado sijamaliza naye."

Wakarudi nyumbani wakigombana mtaa mzima. Waligombana wakivuka barabara, wakagombana mbele ya duka la kinyozi, naye akatoka nje na wembe mkononi kuhakikisha kwamba macho yake hayamdanganyi. Mama mkwe aliwasikia kabla hajawaona. Ule mlango laini ulipofunguka akauliza, "Mmeachana?" wakamjibu "Bado!" kwa pamoja, wakaendelea. Bibi yule akafumba macho kwa uchungu. "Amekuwa kama marehemu mume wangu," akasema, na akajivuta vizuri kitini.

Walimalizia karakana, kwa uchovu tu. Kochi la mwalimu mkuu lilikuwa linangoja mkono wa pili. Fundi akachukua nyundo, akavuta kitambaa kwa kushoto, akatazama huku na huko.

"Nipe misumari."

Mama Maulizo akaketi juu ya bunda la sponji, akafungua kiganja. Ilikuwa imemchoma, imeacha alama nyekundu kila mahali. Hakumpa.

"Jumamosi nilikuuliza maswali mawili," akasema. "Hilo la kuachana tumelimaliza. Kulikuwa na la pili, pale mlangoni."

Fundi akaishusha nyundo. Akajaribu tena kukumbuka, maskini, akamwona tu anaziba mwanga. "Sikulisikia na hilo," akasema.

"Najua. Nilikuuliza, nikiondoka, utaumia?" Alikuwa anaitazama misumari, siyo yeye.

Nje mtu alipita akiita mwenzake. Fundi alikaa na lile swali, mdomo mtupu, ulimi hauna cha kusukuma, na kila mtu aliyewahi kumjua angekwambia hapo hatatoa neno.

"Nikakujibu nini?"

"Ulisema Mm."

"Basi hilo," Fundi akasema, "liache lilivyo."

 Mama Maulizo akachagua msumari mmoja katika kiganja chake, akampa, na ile mingine akaifumbata tena.